Inafanya kazi au inasubiri? Kuichunguza programu nzito kwa perf na strace

Programu ikiwa nzito, kila aliyewahi kuigusa huwa na mshukiwa wake. Huyu anaapa ni hifadhidata, yule anasema ni mtandao, wa tatu anaitazama kwa jicho baya fanksheni moja ambayo hajawahi kuipenda. Mshukiwa anaandikwa upya kwa siku mbili nzima, programu inawashwa tena, na dakika ni zile zile. Hiyo ni ramli. Inaudhi zaidi ukijua kwamba kwenye Linux jibu liko umbali wa amri moja au mbili, na kwamba programu yenyewe iko tayari kusema inapokwama, mradi iulizwe swali linalofaa.

Hilo swali ndilo linalonisumbua hapa kuliko amri zenyewe. Wengi hujifunza perf (chombo cha kupima prosesa inatumia muda wapi) au strace (chombo cha kufuatilia maombi ya programu kwa mfumo endeshi) kwa kunakili amri ndefu, wakapata jedwali lililojaa asilimia, wakaliamini. Jedwali halidanganyi, lakini huenda linajibu swali ambalo hukuliuliza. Kabla ya kushika chombo chochote kuna jambo moja la kujua: ule muda unaopotea, programu inautumia kufanya kazi, au inautumia kusubiri?

Tuchukue programu ya C iitwayo ripoti. Inasoma faili lenye rekodi 20,000, kila rekodi ikiwa na maelezo ya herufi 16,000 hivi, inayasafisha maelezo hayo, kisha inaandika matokeo kwenye faili lingine la hifadhidata. Inachukua zaidi ya dakika moja, na hakuna anayejua kwa nini. Amri ya kwanza haihitaji kusakinisha chochote:

time ./ripoti rekodi.csv

Inarudisha mistari mitatu. Mstari wa real ni muda uliopita kwenye saa ya ukutani. Wa user ni muda ambao prosesa ilikuwa ikitekeleza msimbo wa programu yako. Wa sys ni muda ambao kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilifanya kazi kwa niaba ya programu hiyo: kusoma faili, kutenga kumbukumbu, kutuma data. Sasa linganisha majibu mawili ya kubuni:

real 1m4s   user 0m58s   sys 0m2s

real 1m4s   user 0m1.9s   sys 0m0.8s

Saa ya ukutani inasema kitu kimoja kwa yote mawili, ila maradhi ni tofauti kabisa. Katika jibu la kwanza prosesa ilishughulika karibu muda wote, basi kuna msimbo unaofanya kazi nyingi kupita kiasi. Katika la pili prosesa iliguswa kwa sekunde tatu pungufu, na dakika nzima iliyobaki programu ililala ikingoja kitu. Ukimpa mgonjwa wa pili dawa ya wa kwanza, ukaharakisha hesabu zake mara kumi, utaokoa chini ya sekunde mbili katika sitini na nne.

Tahadhari moja kwa wenye programu za nyuzi nyingi, yaani zenye njia kadhaa za utekelezaji zinazokwenda pamoja: nyuzi nne zikifanya kazi sambamba kwa sekunde kumi, user itasoma sekunde arobaini. Kwa hiyo user kubwa kuliko real si kosa la saa, na hesabu ya kutoa moja kwa nyingine haitakuonyesha uzi uliolala huku wenzake wakihangaika.

Tuanze na mgonjwa wa kwanza.

Sampuli badala ya ulinzi wa mlangoni

Njia ya zamani ya kujua fanksheni ipi inakula muda ilikuwa kuipachikia programu mashahidi. Chombo cha gprof, kilichotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1982, kilidai programu ikompailiwe upya (msimbo ugeuzwe tena kuwa lugha ya mashine) ili kila fanksheni iongezewe msimbo wa kujiandikisha inapoitwa. Kilikuwa chombo kizuri kwa wakati wake na mawazo yake mengi bado yanaishi. Lakini fanksheni fupi inayoitwa mara milioni mia hulemewa na uandikishaji wenyewe, hadi kipimo kikawa kinapima uzito wa shahidi.

perf inashika njia nyingine. Iliingia rasmi ndani ya Linux toleo 2.6.31, mwaka 2009, na mpaka leo msimbo wake unakaa katika ghala moja na kerneli. Msingi wake ni vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, vinavyohesabu saikeli (midundo ya saa ya prosesa), maagizo yaliyotekelezwa, mara ngapi data ilikosekana kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa), na mengineyo. Kerneli hukiambia kihesabio: ukifika idadi fulani, katiza. Kikatizo kikilia, kerneli hutazama prosesa ilikuwa kwenye agizo lipi, huandika anwani hiyo, kisha kazi inaendelea. Hakuna kukompaili upya, na hakuna fanksheni inayojua kwamba imechunguliwa.

Mtu akimchungulia seremala mara mia kwa siku bila kumwarifu, na mara sabini akamkuta ananoa msumeno, hahitaji kumfuata tangu asubuhi hadi jioni ili ajue kunoa kunakula kama asilimia sabini ya siku yake. Hapo ndipo nguvu ya sampuli ilipo, na udhaifu wake pia: akimwona mara moja tu anapiga rangi, hana haki ya kusema lolote kuhusu rangi. Fanksheni iliyotokea katika sampuli moja kati ya elfu tatu ipuuze.

perf record -F 99 -g ./ripoti rekodi.csv

perf report

Alama ya -F 99 inaomba sampuli 99 kila sekunde. Ukiiacha, matoleo ya sasa huchukua 4,000, ambazo kwa kawaida ni nyingi kuliko unavyohitaji. Kwa nini 99 na si 100? Kwa sababu kompyuta ina mambo mengi yanayojirudia kwa idadi za mviringo. Kama kuna shughuli inayoamka mara mia kamili kwa sekunde, nawe unachungulia mara mia kamili, mtaingia katika mdundo mmoja: utaikuta kila mara au hutaikuta kamwe. Tisini na tisa inauvunja mdundo. Katika sekunde 60 utapata sampuli zinazokaribia 6,000 kwa prosesa moja iliyoshughulika, zinazotosha kabisa kumjua mla muda mkuu.

Matokeo hukaa katika faili liitwalo perf.data, na perf report hulisoma na kupanga fanksheni kwa asilimia. Kwa ripoti yetu, mstari wa fanksheni iliyokula muda mwingi zaidi ndani yake yenyewe ungefanana na huu:

91.40%   ripoti   libc.so.6   [.] __strlen_avx2

Ile nukta ndani ya mabano inasema hii ni fanksheni ya upande wa mtumiaji; ingekuwa ya kerneli ungeona herufi k. Ukiwa umetumia -g kutakuwa na safu mbili za asilimia. Self ni muda uliotumika ndani ya fanksheni hiyo hiyo, na Children ni huo pamoja na muda wa zote zilizoitwa kutoka humo. Fanksheni ya main huwa na Children karibu mia na Self karibu sifuri, jambo ambalo halina habari yoyote. Ukitafuta mkono unaofanya kazi, soma Self. Ukitafuta aliyetoa agizo, soma Children.

Na hapa mkono ni strlen, fanksheni ya kuhesabu urefu wa maandishi, ambayo hakuna mtu angeishuku. Katika C maandishi hayabebi urefu wake. Ili kuujua, strlen hutembea tangu herufi ya kwanza hadi ikutane na baiti ya sifuri mwishoni. Sasa mtu ameandika:

for (i = 0; i < strlen(s); i++)

Sharti hilo huangaliwa katika kila mzunguko. Maelezo ya herufi 16,000 yanatembewa mwanzo hadi mwisho mara 16,000, yaani herufi milioni 256 kwa rekodi moja, na rekodi ni 20,000. Wakati mwingine kompaila hugundua kwamba urefu haubadiliki na kuutoa nje ya mzunguko, lakini msimbo wa ndani ukiandika juu ya s yenyewe, kama unavyofanya msimbo wa kusafisha, kompaila haina uhakika tena na inalazimika kuuliza upya kila mara. Dawa ni mstari mmoja: hesabu urefu kabla ya kuanza, na uubadilishe mwenyewe pale unapobadilika.

Mnyororo wa miito na rejista iliyopotea

Tumejua ni strlen. Lakini programu kubwa huita strlen katika sehemu mia mbili. Ipi kati ya hizo? Hapa ndipo wengi hukata tamaa na perf, kwa hiyo nataka tukae kidogo.

Fanksheni ikiitwa, anwani ya kurudia huwekwa kwenye staki, lile eneo la kumbukumbu linalokua na kupungua kadiri fanksheni zinavyoitana. Ukiweza kutembea kwenye staki kutoka juu kwenda chini, unapata mnyororo mzima: strlen iliitwa na safisha, safisha iliitwa na soma_rekodi, soma_rekodi iliitwa na main. Kazi ya -g ni kumwomba kerneli atembee hivyo kwenye kila sampuli. Shida ni kwamba staki haina vibao vya njia. Ni baiti tu, na hakuna kinachosema anwani ya kurudia iko wapi katikati ya data nyingine.

Desturi ya zamani ilikuwa kila fanksheni kutumia rejista moja (nafasi ndogo ya kushikia thamani ndani ya prosesa), ambayo kwenye prosesa za x86-64 huitwa rbp, kuelekeza kwenye fremu yake, yaani sehemu yake ya staki, na ndani ya fremu hiyo kuhifadhi thamani ya rejista ileile kama ilivyokuwa kwa aliyeiita. Zinakuwa pete zilizoshikana, nawe unazifuata moja baada ya nyingine. Lakini hiyo ni rejista moja nzima iliyofungwa. Enzi za prosesa za biti 32 zenye rejista nane tu za matumizi ya jumla, kuirudisha kwenye hesabu kulikuwa na faida kubwa, na kompaila zikazoea kuitupa zinapoboresha msimbo. Prosesa za biti 64 zikaja na rejista kumi na sita, desturi ya kuitupa ikabaki. Matokeo yake ni ripoti za perf zenye minyororo iliyokatika, neno unknown likijirudia kila mahali, na mtu anayedhani chombo ni kibovu.

Kuna njia mbili za kutoka. Kwa msimbo wako mwenyewe, kompaili hivi:

gcc -O2 -g -fno-omit-frame-pointer -o ripoti ripoti.c

Hiyo inarudisha pete, na ile -g ya gcc (msiichanganye na -g ya perf) inaweka majina na namba za mistari ndani ya programu. Gharama ya kuirudisha rejista ni ndogo kwa programu nyingi, na watunzaji wa distribusheni, yaani Linux zilizofungashwa pamoja na programu zake, wamekubali hivyo: Fedora 38 ya mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 zilianza kukompaili vifurushi vyake kwa kuiacha rejista mahali pake. Mimi nauona huo kuwa uamuzi mwema sana. Mashine inayoweza kueleza kwa nini iko nzito ina thamani kuliko iliyo nyepesi kwa asilimia moja lakini bubu.

Njia ya pili ni kwa programu usiyoweza kuikompaili upya:

perf record -F 99 --call-graph dwarf ./ripoti rekodi.csv

Hapa perf hainyoshi mnyororo papo hapo. Inanakili kipande cha staki, baiti 8,192 kama hukusema vinginevyo, kwa kila sampuli, na kuufumbua mnyororo baadaye kwa kutumia taarifa za utatuzi zilizomo ndani ya faili la programu. Kwa sampuli 99 kwa sekunde hiyo ni chini ya megabaiti moja kwa kila prosesa. Kwa zile 4,000 za kawaida ni megabaiti 32 kila sekunde, na diski yako itakuwa ya kwanza kulalamika.

Kuna mtego mmoja mdogo ambao umenipotezea muda, na sijauona ukielezwa mara nyingi. Fanksheni kama __strlen_avx2 zimeandikwa kwa lugha ya asembli na hazijengi fremu zake zenyewe. Sampuli ikidondokea ndani yake, rejista ya rbp bado inaelekeza kwenye fremu ya aliyeiita, na pete ya kwanza utakayoifuata inakupeleka kwa babu badala ya baba. Ripoti itakuambia strlen iliitwa na soma_rekodi, nawe utaipekua soma_rekodi mstari kwa mstari bila kuiona strlen, kwa sababu ukweli ni kwamba iliitwa na safisha. Ukiona mwitaji ambaye msimbo wake hauna wito huo, rudia kwa dwarf kabla ya kuanza kuitilia shaka akili yako. Jambo linalofanana hutokea pia kompaila inapoimeza fanksheni ndogo ndani ya kubwa: jina la ndogo hutoweka kwenye mnyororo.

Minyororo ikiwa mingi, jedwali halisomeki tena. Mwaka 2011 Brendan Gregg, mhandisi wa utendaji wa mifumo, akihangaika na tatizo la kasi kwenye hifadhidata ya MySQL, alibuni mchoro unaoitwa flame graph, grafu ya miali. Kila fanksheni ni kisanduku, aliyeitwa hukaa juu ya aliyeita, na upana ni idadi ya sampuli. Mkosaji wa kawaida wa kuisoma ni yule anayedhani upande wa kushoto kwenda kulia ni wakati. Sivyo, visanduku vimepangwa kwa alfabeti ili vinavyofanana viungane. Unachotafuta ni uwanda mpana kule juu kabisa, kisanduku kipana kisicho na kitu juu yake. Kwa ripoti yetu kungekuwa na bati moja la strlen lililofunika karibu mchoro wote.

Kazi inayoficha kusubiri

Nilisema kuna kufanya kazi na kuna kusubiri, na sasa sina budi kuichafua mipaka hiyo kidogo. Prosesa ikiomba data ambayo haipo kwenye kashe, inaisubiri kutoka kwenye kumbukumbu kuu kwa muda ambao ingeweza kutekeleza mamia ya maagizo. Kwa macho ya time na perf record, kusubiri huko kunahesabiwa kuwa kazi, maana programu haikulala. Prosesa ilikuwa yake. Kinachokufichulia ni perf stat:

perf stat ./ripoti rekodi.csv

Miongoni mwa mistari yake utaona maagizo, saikeli, na uwiano wake ulioandikwa insn per cycle. Prosesa za kisasa zinaweza kukamilisha maagizo manne au zaidi katika saikeli moja. Ukiona mbili au tatu, prosesa inachapa kazi, na dawa ni kupunguza kazi yenyewe. Ukiona sehemu kama 0.3, prosesa imekaa mikono mitupu sehemu kubwa ya muda, na mara nyingi inangoja kumbukumbu.

Mfano ulio wazi ni kujumlisha jedwali kubwa la namba. Kumbukumbu huletwa kwenye kashe kwa vipande vya baiti 64 kwenye prosesa nyingi, na namba yenye desimali ya aina ya double ni baiti 8. Ukipita kwa mlalo, mstari baada ya mstari, kama C inavyolipanga jedwali, kila kipande kinakupa namba nane. Ukipita kwa wima, kila hatua inaleta kipande kipya, unatumia namba moja, na jedwali likiwa kubwa kuliko kashe, saba zilizobaki zinatupwa kabla hujazifikia. Idadi ya maagizo inaweza kuwa ileile na muda ukapishana mara kadhaa. Hakuna fanksheni ya kulaumu hapo. Lawama ni ya mpangilio.

Kwenye mashine pepe, vihesabio vingine huandikwa not supported, kwa sababu mwenyeji hajavipitisha ndani. perf record bado itafanya kazi kwa kutumia saa ya kerneli, ila uwiano huo hutaupata.

Mgonjwa aliyelala

Sasa yule wa pili: dakika moja kwenye saa, sekunde tatu pungufu kwenye prosesa. Ukimwekea perf record utapata sampuli chache, maana saikeli hazihesabiwi kwa aliyelala, na hizo chache zitapangwa kwa asilimia zinazojumlika kuwa mia. Utaona fanksheni fulani ina asilimia 40 na utafurahi. Ni asilimia 40 ya sekunde tatu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na linafanywa na watu wenye akili timamu, kwa sababu ripoti haisemi popote kwamba dakika nzima haimo ndani yake.

Programu hailali yenyewe. Hulala kwa kuomba kitu kutoka kwa kerneli, na ombi hilo huitwa wito wa mfumo: soma faili, andika, subiri mtandao, subiri kufuli (kizuizi kinachopitisha uzi mmoja tu kwa wakati). strace, ambayo asili yake ni chombo cha mwaka 1991 cha mfumo endeshi wa SunOS kilichohamishiwa Linux, huandika kila wito unapopita.

strace -f -c -w ./ripoti rekodi.csv

Herufi f inafuata nyuzi na michakato mitoto, c inatoa muhtasari badala ya kumwaga kila mstari, na w ndiyo watu huisahau. Bila w, muhtasari wa c huhesabu muda wa prosesa uliotumika ndani ya kerneli, na wito uliolala dakika nzima huonekana kama haukugharimu kitu. Ukiweka w, unapata muda wa saa ya ukutani. Tuseme juu ya orodha kuna fdatasync, miito 20,000, sekunde 60 na ushei. Idadi hiyo tayari inazungumza, maana ni idadi ya rekodi. Tazama mmoja mmoja:

strace -f -T -y -e trace=fdatasync ./ripoti rekodi.csv

fdatasync(5</data/matokeo.db>) = 0 <0.003112>

Herufi y imegeuza namba 5 kuwa jina la faili, na T imeweka mwishoni muda wa wito huo, milisekunde tatu. Wito huu unaiambia kerneli: usirudi mpaka data hii imefika salama kwenye diski. Mtu ameiandika kila rekodi kama muamala wake mwenyewe, yaani badiliko linalokamilika lote au lisifanyike kabisa, na hifadhidata, kwa uaminifu wake, inahakikisha kila mmoja umefika. Milisekunde tatu mara 20,000 ni sekunde 60. Ukifungua muamala mmoja, ukaandika rekodi zote, ukaufunga, kusubiri kunabaki mara chache tu. Ila huo ni uamuzi na si marekebisho ya bure: umeme ukikatika katikati, unapoteza zote badala ya moja. Kwa ripoti inayoweza kuendeshwa upya hakuna tatizo. Kwa malipo ya watu, fikiri tena.

strace ina gharama yake, na haifai kuichukulia kirahisi. Inafanya kazi kupitia ptrace, ambayo husimamisha mchakato mara mbili kwa kila wito, unapoingia na unapotoka, na kila kusimama ni kubadilishana zamu na strace yenyewe. Mwaka 2014 Gregg alipima programu inayofanya miito mifupi mfululizo na kukuta strace imeipunguza kasi zaidi ya mara 400. Hiyo ni hali mbaya ya makusudi, lakini inatosha kukuzuia usiichomeke kwenye seva inayohudumia watu bila kufikiri. Pale tumia perf trace, ambayo huandika habari hizohizo ndani ya bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli bila kusimamisha mtu kila mara:

perf trace -s -p NAMBA_YA_MCHAKATO

Kuna kusubiri ambako hata strace haikuoni. Faili likisomwa kwa mmap, yaani likiunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu ya programu, data huletwa kutoka diskini pale tu programu inapogusa kumbukumbu, bila wito wowote. Hapo perf stat -e major-faults ndiyo itakayokuambia. Na ukikuta muda wote umeishia kwenye futex, umejua tu kwamba uzi unangoja kufuli, wala hujajua nani amelishika. Kwa hilo nachukua gdb, chombo cha kutafutia hitilafu, naambatana na mchakato na kuomba minyororo ya nyuzi zote mara tatu au nne. Ni sampuli zilezile za seremala, kwa mkono.

Ruhusa zinaweza kukuzuia kabla hujaanza. Thamani iliyo katika /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid ikiwa 2, unaruhusiwa kupima michakato yako bila kuiona kerneli; ikiwa 1, unaona na kerneli; baadhi ya distribusheni huweka kubwa zaidi na kufunga kabisa. Badala ya kuendesha kila kitu kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, tangu Linux 5.8 kuna haki maalumu ya CAP_PERFMON anayoweza kupewa mpimaji peke yake.

Baada ya marekebisho, pima tena kwa njia ileile, na kabla ya kurekebisha, kadiria faida. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu usiyoigusa ndiyo inayoweka kikomo: fanksheni yenye asilimia 20 ya muda, hata ukiifuta kabisa, inakupa programu yenye kasi ya mara 1.25 na si zaidi. Kwa strlen yetu yenye asilimia 91 kikomo ni mara kumi na moja hivi, ndiyo maana ilistahili asubuhi nzima.

perf stat -r 10 ./ripoti rekodi.csv

Hii inaendesha programu mara kumi na kutoa wastani pamoja na mtawanyiko wake, ili usishangilie sekunde mbili ambazo zimetokana tu na faili kuwa tayari kwenye kumbukumbu. Kisha chukua perf record mara nyingine. Faili la zamani litabadilishwa jina kuwa perf.data.old, na perf diff itayaweka mawili hayo ubavu kwa ubavu: __strlen_avx2 imeshuka kutoka kileleni, na juu ya orodha kuna jina jipya, ambalo jana lilikuwa na asilimia tatu na leo lina thelathini, ingawa halijaongeza hata milisekunde moja.